Iringa hadi Tukuyu: nilivyofuata asili ya binti anayeimba kantri

Mwishoni mwa mwaka jana klipu fupi ilizunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ya sisi wapenzi wa kantri, ule muziki wa gitaa na masimulizi uliokulia Marekani. Msichana amekalia kreti la soda, nyuma yake ukuta wa bati, gitaa kavu mapajani, anaimba kwa Kiswahili habari za baba anayerudi nyumbani na treni ya usiku. Sauti inapanda, inavunjika kidogo kooni, inashuka. Waliomsifu walikuwa wengi. Waliomsema nao hawakukosekana: anaiga Wazungu, huo si muziki wetu, aimbe singeli kama wenzake.

Hilo la kuiga liliniuma, maana niliyoyasikia mle hayakuwa na harufu ya kuigwa. Nikamtafuta. Yuko Mbeya, mchana anauza mitumba, usiku anaimba. Nilipomwambia nataka kuandika habari zake akanijibu, "Kaka, mimi bado mdogo. Anza na wazee wangu, kwangu ufike baadaye." Njia akanipangia mwenyewe: Kalenga kwa babu, Mufindi kwa mama, Makambako kwa baba, Mbeya kwake, Tukuyu kwa bibi. Ameomba jina lake lisitajwe mpaka nyimbo zitoke rasmi. Humu namwita Binti.

Haya nimeyapanga nikiwa nimesharudi Morogoro, kutoka kwenye daftari na picha za simu. Ilikuwa mwishoni mwa Juni, kipupwe kimekolea.

Jumatano: Morogoro hadi Iringa

Basi lilitoka Msamvu asubuhi, nauli 22,000. Mikumi tuliona twiga na swala dirishani bila kulipa kiingilio, Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu wakatuzunguka, na kwenye mlima Kitonga tukakwama nyuma ya foleni ya malori yaliyokuwa yanapanda kwa gia ya kwanza. Dereva akazima injini.

Kimya kile ndicho kilichomfungua mdomo mzee niliyekaa naye. Aliniuliza naenda kufanya nini Iringa, nikamweleza. Akacheka kwa furaha kabisa. "Jim Reeves! Kijijini kwetu Jumapili haikuanza bila Jim Reeves. Baba alikuwa na redio ya betri, betri zikichoka anazianika juani." Hakujua kwamba Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alikufa kwa ajali ya ndege karibu na Nashville tarehe 31 Julai 1964. Nilipomwambia alinyamaza, akahesabu kwa vidole, kisha akasema, "Kumbe wakati sisi tunamsikiliza alikuwa ameshaondoka." Aliposhuka Ilula, kwenye makreti ya nyanya, alininunulia mfuko wa nyanya nisioujua nitaupika wapi. Niliubeba mpaka Kalenga, ukapata kazi.

Kwa atakayefuata njia hii: mabasi ya mbali yanashusha stendi ya Igumbilo, nje ya mji, na mji wenyewe uko juu kilimani. Daladala ni za bei ndogo, usikubali kupelekwa kwa elfu kumi na mwenye haraka. Gesti safi ya maji ya moto maeneo ya Miyomboni nilipata kwa 25,000. Beba sweta. Jua likizama Iringa haibembelezi mtu.

Alhamisi: Kalenga

Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka mjini, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Nilianzia makumbusho, kwa sababu babu wa Binti alimwagiza mjukuu wake aniambie, "Asije kwangu kabla hajamsalimia Mtwa." Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, limo mle. Wajerumani walilichukua baada ya kifo chake Julai 1898, likarudi mwaka 1954. Huyu ndiye ambaye watu wake walikipiga kikosi cha Wajerumani cha Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Kijana anayetembeza wageni anajua kusimulia, mpe nafasi asimulie mpaka mwisho.

Kwa babu nilipokelewa kwa kamwene ndefu, salamu ya Kihehe, na mkono wangu haukuachiwa mpaka nilipotaja ukoo wangu na wa mama yangu. Ni mdogo wa babu mzaa baba wa Binti. Nyanya zangu zikachukuliwa jikoni. Tukala ugali, maharage yenye nyanya za Ilula, na mboga ya maboga. Ndipo akatoa ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe.

Nilikuwa nimelisoma tu. Ni ubao uliochimbwa kama chano kirefu, uzi unapita juu yake kwenda na kurudi kupitia pengo za pande zote mbili, na kibuyu cha kukuza sauti. La kwake lina ufa ulioshonwa kwa waya mwembamba. Alilikokota, akalegeza, akakaza, akapiga sauti chache zilezile, na juu yake akaanza kusema. Sisemi kuimba, kwa sababu nusu ya wakati alikuwa anasema: fulani alioa wapi, ng'ombe wa fulani waliibwa mwaka gani, nani alikimbia na nani alibaki. Kila mtu ndani ya wimbo ana jina na kila tukio lina mahali pake. Mtu mmoja, chombo kimoja, habari ya kweli. Mpenzi yeyote wa kantri angetulia kimya mbele ya yule mzee kama nilivyotulia mimi.

Nilimuuliza kama Binti alijifunza kwake. "Hakujifunza, alikaa tu hapa likizo akiwa mdogo. Lakini nilimwambia jambo moja. Wimbo usiomtaja mtu kwa jina, wenye wimbo hawataujua kuwa ni wao."

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipita Tanganyika na mashine zake za kurekodi sauti, na Wahehe wamo katika alivyorekodi. Mwaka huohuo, upande wa Kenya, alirekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu paa, anayepiga ala. Walimwita Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers, mzaliwa wa Mississippi mwaka 1897, mfanyakazi wa reli aliyeugua kifua kikuu akafa mwaka 1933, yule ambaye Wamarekani wanamwita baba wa kantri. Santuri zake zilifika Bonde la Ufa, wasichana wakayapokea yale waliyoyasikia wakayafanya yao. Nilimsimulia babu. Akasema yeye akiwa mtoto alisimama nje ya duka la Mhindi mjini Iringa akisikiliza santuri mpaka akachapwa kwa kuchelewa na mbuzi. Wimbo wenyewe haujui ulikuwa wa nani. Aliujaribu kwenye ligombo palepale, na ulikuwa mzuri.

Ijumaa: Mafinga, na usiku wa barabarani

Iringa hadi Mafinga ni lami na haina habari. Mafinga ndipo pa kununulia vocha, dawa na kandambili, kwa sababu mbele huko vinapanda bei.

Kosta ya kwenda kwenye mashamba ya chai ilijaa saa nane, ikaondoka saa kumi. Tunapita kati ya misonobari ya Sao Hill, shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini, ukungu ukaanza kushuka. Kwenye kona moja ya kupanda, lori la magogo lilikuwa limekatika ekseli na kuziba njia nzima. Mbele lori, nyuma yetu malori mengine mawili, pembeni korongo. Konda alishuka, akatazama, akarudi akasema, "Wapendwa, tuwashe moto."

Tukawasha kweli. Vijana wa magogo walileta mabanzi. Mama mmoja aliyekuwa anarudi kwake kutoka hospitali alifungua sufuria ya viazi vilivyopikwa kwa ajili ya watoto wake, akagawa kwa watu wote waliouzunguka moto, kimoja kimoja, mpaka sufuria ikaisha. Nilijaribu kumpa pesa, akauficha mkono nyuma. Mzee mwingine alinivisha koti lake la mvua bila kuniuliza; yeye alikuwa na blanketi. Njia ilifunguliwa saa tano usiku. Koti nililirudisha kwa mikono miwili.

Kwa atakayefuata njia hii: anza mapema, kabla ya saa nne asubuhi, na uwe na chakula cha mkononi. Msimu wa mvua uliza kwanza hali ya barabara, kwa sababu utelezi wa ule udongo mwekundu ni wa kuogopa.

Jumamosi: kwa mama, Mufindi

Asubuhi nilifungua mlango nikakuta kijani mpaka mwisho wa macho. Chai iliyokatwa sawa, inafuata vilima, na watu ndani yake wanaonekana kuanzia kiunoni.

Mama wa Binti ni Mnyakyusa wa Rungwe. Alikuja Mufindi akiwa msichana kuchuma chai, akaolewa na kijana wa Kihehe aliyekuwa kibarua kabla hajapata kazi ya reli. Sasa ana kishamba chake mwenyewe cha chai na anauza majani mabichi kiwandani. Nilimkuta amevaa gunia la plastiki kiunoni kuzuia umande. Alikataa tuzungumze tumekaa. "Majani hayasubiri, mwanangu. Njoo nyuma yangu." Kwa hiyo mahojiano haya niliyafanya nikitembea katikati ya mistari ya chai, kikapu cha pili mgongoni mwangu.

Anasema Binti alizaliwa msimu wa baridi kama huu, na wakati wa kuchuma alikuwa anabebwa mgongoni huku wanawake wanaimba. Nyimbo za kuchuma zina kasi ya mikono. Mmoja anatupa mstari, wengine wanaupokea, na mistari mingi ni ya malalamiko: mizani inadanganya, baridi imekula vidole, mume kaenda mjini hajaandika. Mama aliniimbia mmoja bila kusimama. Ubeti wa mume asiyeandika umo, karibu ulivyo, kwenye wimbo wa treni ambao ulizunguka kwenye simu zetu.

Jioni, tunaota moto jikoni, nilimsimulia Dolly Parton, nyota wa kantri wa Marekani. Alizaliwa Januari 1946 kwenye milima ya Tennessee, mmoja kati ya watoto kumi na wawili, nyumba ya chumba kimoja, na daktari aliyemzalisha mama yake alilipwa mfuko wa unga wa mahindi kwa kuwa pesa haikuwepo. Baba yake hakujua kusoma wala kuandika, na ndiyo sababu Dolly mwaka 1995 alianzisha mpango wa kuwapa watoto wadogo vitabu bure.

Mama hakushangaa hata kidogo. "Mbona sisi ada tumelipa kwa mahindi. Mwalimu anapima debe, anaandika." Kisha akauliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: "Sasa huyo Dolly akiimba habari za mahindi, nani anamwambia anamwiga mwanangu?"

Jumapili: Makambako

Tulitokea Nyololo, tukashika lami, na mchana nilikuwa Makambako. Upepo wa pale una sifa yake na niliukuta kazini. Mji wa njia panda: huku Njombe na Songea, huku Mbeya, huku Dar. Kila kitu kinapita, na parachichi na viazi vinashushwa na kupakiwa usiku na mchana. Wali kuku kwa mama ntilie 4,000, na unaongezewa mchuzi bila kuomba.

Baba wa Binti amestaafu, amejenga karibu na stesheni ya TAZARA. Alikuwa fundi wa njia. Kabla ya chai alinipeleka kuitazama reli. Alitembea juu ya mataruma bila kuangalia chini.

Reli ile ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ilijengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kuanzia mwaka 1970, ikakabidhiwa mwaka 1976. Kipande kigumu kuliko vyote ni cha Mlimba hadi Makambako. Kina kilomita 158 tu, lakini karibu theluthi ya madaraja, mahandaki na kazi za udongo za reli nzima zimo humo. Baba alifanya kazi kipande hicho miaka yake mingi. Alinieleza namna wanavyokaa kambini wiki kwa wiki, wanavyopita na nyundo wakisikiliza chuma, na jinsi mvua moja ya usiku inavyoweza kusogeza kilima.

"Yule mtoto alikuwa ananisubiri hapa," akasema, akionyesha jukwaa la stesheni. "Treni ikichelewa anasubiri. Mama yake anamleta kwa blanketi." Gitaa alilinunua kwa Mzambia waliyefanya naye kazi, aliyekuwa anapiga nyimbo za Don Williams na Kenny Rogers, waimbaji wa kantri wa Marekani, kambini usiku. Mzambia huyo ndiye aliyemfundisha baba sauti tatu, na baba akamfundisha Binti hizo tatu, basi. Mengine alijitafutia.

Nilimwomba anipigie. Mkono wake wa kulia una vidole viwili visivyokunjika vizuri, kazi ya nyundo. Alipiga hivyohivyo. Mdundo aliopiga, kidole gumba kwenye nyuzi nene, vingine vikijibu juu, niliutambua mara moja. "Huu hatukuutoa Amerika," akasema. "Panda behewa la mwisho, sikiliza gurudumu linapokanyaga maungio ya reli."

Nikamwambia habari za DeFord Bailey, na hii ndiyo sehemu ambayo ningependa waliomsema Binti waisome mara mbili. Bailey alizaliwa Tennessee mwaka 1899, mtu mweusi, mjukuu wa mtumwa, mfupi wa kimo kwa sababu ya polio. Alipuliza kinanda cha mdomo, na sifa yake kubwa ilikuwa kuiga treni inavyokaribia, inavyopita na inavyopotea. Alikuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo kabisa wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville ambacho ndicho kanisa kuu la kantri. Mwaka 1941 wakamwondoa. Aliishi kwa kung'arisha viatu. Jina lake liliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa kantri mwaka 2005, yeye akiwa amekufa tangu 1982. Na banjo, chombo ambacho watu wakikiona wanamfikiria mkulima wa Kizungu kibarazani, asili yake ni ala za Waafrika wa Magharibi waliovushwa bahari utumwani. Muziki huu ulikuwa na mkono wetu tangu ulipozaliwa. Binti akishika gitaa Makambako hajavunja mlango wa mtu.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza tu, "Huyo Bailey, watoto wake walipata chochote?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa atakayefuata njia hii: ukitaka kwenda Mbeya kwa treni, nenda stesheni mwenyewe ukaulize siku na saa, usitegemee ya kuambiwa mtaani. Mimi siku zangu hazikukutana na zake, nikapanda basi. Kulala Makambako 20,000, omba blanketi la pili mapema.

Jumatatu: Makambako hadi Mbeya

Igawa, Chimala, Igurusi, mpunga wa Usangu umeanikwa kwenye maturubai. Nauli 10,000. Uyole tukaingia kwenye foleni, na jioni nilikuwa Mwanjelwa.

Jumanne: Mbeya, na Binti mwenyewe

Nilimkuta Mwanjelwa saa moja asubuhi anafungua belo la majaketi. Ni mwembamba, ana sauti ya chini akizungumza, na anahesabu pesa haraka sana. "Shikamoo kaka. Wamekuchosha?" Nikamwambia wamenilisha. Alitaka kusikia kila neno la kila mmoja, na kati ya mteja na mteja nikamsimulia Kalenga, Mufindi, Makambako. Nilipofika kwenye baba kupiga gitaa na vidole vile, aligeuka akapanga majaketi ambayo yalikuwa yamepangwa.

Mwaka juzi mtayarishaji mmoja alimwita Dar. Alimlipia nauli, akamweka studio, akampa kofia pana na buti, akamtaka aimbe Kiingereza cha puani na aondoe majina ya vijiji kwenye nyimbo. Majina, alisema, hayauzi. Binti alikaa siku mbili, akamshukuru, akarudi na basi la usiku. Tangu hapo anajirekodi mwenyewe kidogo kidogo, akipata laki anaingia studio moja hapa Mbeya, zikiisha anarudi kwenye mitumba.

Anafuatilia wenzake. Anamjua Sir Elvis wa Kenya, ambaye amesimama na kantri miaka mingi jirani hapa. Anamjua Charley Pride, mtoto wa wakulima wa pamba wa Sledge, Mississippi, mweusi aliyetwaa tuzo kubwa ya mtumbuizaji wa mwaka ya kantri mwaka 1971. Na anamfuata sana Shaboozey, mzaliwa wa Virginia ambaye wazazi wake ni Wanaijeria. Mwaka 2024 wimbo wake mmoja ulikaa namba moja kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani, kwa wiki 19. "Huyo alienda na jina la kwao mpaka juu," Binti akasema. "Mimi naogopa moja tu. Nisije nikafika halafu babu asijitambue."

Usiku aliimba kwenye baa ya nyama choma kando ya barabara kuu, wanapolala madereva wa malori ya Tunduma. Malipo 40,000 na chakula. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kipaza sauti kimefungwa kwa mpira kwenye mti wa fagio. Madereva wa Kizambia walitaka Don Williams, akawapa mmoja, wakaimba naye wote. Kisha akaanza wa treni.

Nilikuwa nimeusikia kwenye simu pengine mara mia. Sasa nilijua jukwaa la stesheni liko wapi na blanketi lilikuwa la nani. Kwenye ubeti wa pili kelele za meza zilipungua, mchoma nyama akasimama na kisu mkononi, na dereva mmoja mzee, Mtanzania wa Songwe, akaitoa simu akampigia mtu, akaiinua juu hewani ili wa upande wa pili asikie. Wimbo ulipoisha hakuna aliyesema unaiga. Walisema, "Rudia."

Kwa atakayependa kumsikia: ukifika Mwanjelwa upande wa mitumba, uliza binti wa gitaa, utaonyeshwa. Nenda na cha kununua, usiende na simu ya kurekodi tu. Kahawa nzuri Mbeya inapatikana kwa urahisi, na mchele ununue hapahapa kabla hujageuka.

Jumatano: Tukuyu

Binti alifunga meza yake siku hiyo ili tuende wote. Kosta ya Uyole hadi Tukuyu 5,000. Isongole baridi na viazi, halafu barabara inashuka na kila kitu kinageuka migomba. Juni yote ni kiangazi kwingine, lakini Rungwe ilikuwa na manyunyu, na mlima hatukuuona hata mara moja. Kutoka barabarani tulipanda bodaboda mbili, 3,000 kila moja. Ya kwangu iliteleza kwenye daraja la miti. Kijana alinishika mkono akanivusha kwa miguu, kisha akairudia pikipiki yake.

Bibi mzaa mama anakaa si mbali na misheni ya Rungwe, ambayo Wamoravian waliianza mwaka 1891. Binti alipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa akamsalimia, "Ugonile, bibi," na mimi nikafuata. Tukaingizwa jikoni, tukapewa mbalaga, ndizi za kupikwa, na maziwa ya mgando.

Bibi aliimba sauti ya pili kwenye kwaya tangu akiwa na miaka kumi na minne. Alifundishwa kwa nota za do-re-mi ubaoni, na mpaka leo akisikia mtu anaimba peke yake koo lake linatafuta pa kuingilia. Nililishuhudia. Binti alitoa gitaa, akaanza wimbo mpya ambao bado haujatoka, wa shamba la kahawa la babu yake aliyefariki. Hata ubeti wa kwanza haujaisha bibi akawa yumo ndani, chini kidogo ya sauti ya mjukuu, maneno hayajui lakini anajua yanakoelekea. Nilijua sasa ule mvunjiko wa kooni umetoka wapi. Bibi anao uleule, mahali palepale.

Walipomaliza bibi alisema, "Ndaga fijo," yaani asante sana. "Lakini umekosea." Binti akaweka gitaa chini. "Umesema mzee mmoja alilima hapa. Mzee gani? Ana jina. Na mvua ya kwetu hailii usiku tu, inalia mchana kutwa, wewe umeiona mwenyewe leo."

Binti alijieleza kwamba alikuwa bado analitafutia jina nafasi kwenye mdundo. Bibi hakulikubali. Wakalitafutia pamoja, pale jikoni, bibi akipiga kofi gotini, mpaka jina la babu likaingia kwenye mstari wa tatu bila kusukumwa. Ilichukua muda mrefu, mbalaga ikapoa, na sikuandika chochote kwenye daftari, niliwasha tu kinasa sauti cha simu nikakiweka juu ya kinu.

Tulipoaga, bibi alinishika mkono akanipa mkungu mdogo wa ndizi na agizo. Simu yake ni kitochi, haina WhatsApp, lakini inaingia kadi ya kumbukumbu. Alitaka ule wimbo ulivyorekebishwa, wote, pamoja na pale alipokohoa, awasikilizishe wenzake wa kwaya Jumapili.

Kadi niliinunua Msamvu kwa 8,000, nikanakili, nikaifunga kwenye bahasha na kumpa konda wa basi la Kyela linalopita Tukuyu. Usafirishaji 5,000. Keshokutwa yake alinipigia: ameikabidhi kwa kijana wa bodaboda, yule aliyenivusha kwenye daraja, na bibi ameshaweka betri.